Wekundu wa Mguu wa Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta ya zamani imekata roho saa tatu asubuhi. Haikutoa hata mlio – skrini nyeusi, basi. Miaka sita tumekaa chumba kimoja. Fundi alileta mpya kabla ya mchana, na programu mpya ndani yake, maana ile ya zamani haikubali kuingia humu. Nikamwambia ile ndiyo inayofungua picha zangu. Akasema hii nayo inafungua, tena haraka zaidi. Picha ni picha, mama. Akaondoka na ile maiti kwapani.

Picha si picha. Kamera yangu inatoa faili ghafi, haijapikwa. Programu ndiyo inayopika: wekundu kiasi gani, giza kiasi gani. Leo nimebadilishiwa mpishi.

Nimepiga picha vidonda saba. Wa mwisho Mwalimu – mzee mstaafu wa hesabu, kidonda mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, mwezi wa tano sasa. Hapa kliniki hatuna bingwa. Bingwa yuko mji mwingine, sijawahi kumtia machoni. Yeye huona picha zetu tu, halafu anaandika nini kifanyike.

Picha za leo laini. Ngozi imetulia, ina mng'ao. Sista mkuu alipita nyuma yangu akasema afadhali, sasa zinapendeza. Nami niliona zinapendeza. Nimezituma.

Nyumbani saa kumi na moja. Nimewasha redio, na ya chumba cha pili pia.

Jumatano, 5 Machi

Wiki ya tatu tangu Kaka ahamishwe kazi. Miaka kumi na moja tumeishi hapa pamoja: Kaka, Wifi, watoto wao wawili, na mimi Shangazi wa chumba cha nyuma. Sasa nina nyumba nzima na bado nalala chumba cha nyuma.

Kitanda cha watoto cha ghorofa kipo. Godoro la juu limebonyea pale alipokuwa akilala Kasuku. Ana miaka kumi na miwili – jina hilo nilimpa mimi kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika. Aliapa atanipigia kila siku. Ikawa kila baada ya siku mbili. Sasa ni Jumapili kwa Jumapili. Sina kinyongo. Shule mpya, marafiki wapya.

Nimepika tena sufuria kubwa. Mkono haujajua kwamba wameondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu anakuja kila siku kubadilishiwa bandeji. Akisubiri zamu yake huja kukaa chumbani kwangu, kwa sababu benchi la nje halina mahali pa kuegemea. Hivyo ndivyo anavyosema.

Nikampa shikamoo. Akaitika, akauliza kama mguu wake umetoka vizuri safari hii.

"Umetoka vizuri, Mwalimu. Unang'aa."

"Mguu huu una picha nyingi kuliko harusi yangu," akasema. "Na harusi yangu ilikuwa na wapiga picha wawili."

Mke alifariki zamani. Mtoto mmoja, yuko nje ya nchi. Humuuliza baba yake hali ya mguu kwa ujumbe, naye humjibu kwa picha ya dole gumba. Nikamuuliza mbona asimweleze kwa maneno. Akasema maneno yanazaa maswali.

Aliitwa akainuka. Alishika ukingo wa meza yangu muda mrefu kidogo kabla ya kukanyaga. Niliona.

Jumatatu, 10 Machi

Majibu ya bingwa yamekuja. Mwalimu: maendeleo mazuri sana, wekundu wa pembeni umepungua, asimamishe vidonge vya kuua vijidudu, bandeji mara mbili kwa wiki badala ya kila siku. Sista mkuu alimsomea kwa sauti kama mtu anayetangaza mshindi. Muuguzi wa vidonda mwenyewe yuko likizo ya uzazi, wanaomshikia zamu wanapokezana, kila wiki sura mpya. Hakuna aliyeuona mguu huo mwezi uliopita. Waliouona ni mimi na bingwa, na bingwa ameuona kupitia kwangu.

Mwalimu akasema amefurahi. Kisha akasema, kwa upole kama anayemsahihisha mtoto mzuri, kwamba lakini mguu unapwita. Hasa akiuning'iniza.

Sista: kidonda kikipona kinawasha na kupwita, Mwalimu, ni kawaida.

"Haya," akasema Mwalimu.

Nikampiga picha ya wiki. Nzuri tena. Laini. Nimetuma.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nini kilinituma. Nilichukua kwenye diski ya akiba faili ghafi ya mguu wa Mwalimu ya tarehe 10 Februari – ile ambayo bingwa aliandika "hali si nzuri, aongezewe dawa" – nikaifungua kwa programu mpya.

Umepona.

Mguu wa Februari, uliokuwa umevimba na kuiva, umepona kwenye skrini yangu. Pembeni ngozi laini, wekundu umekuwa kama rangi ya chungwa iliyofifia. Nilikaa nikitazama tarehe. Nikafungua ya Januari. Nayo imepona. Nikafungua ya Oktoba, ya siku ya kwanza kabisa. Hata hiyo si mbaya.

Si mguu uliobadilika wiki ile. Ni mpishi.

Sikumwambia mtu. Nani? Nilifunga mlango nikaenda nyumbani kwa miguu, kituo baada ya kituo, sikutaka kukaa na watu.

Jumatano, 12 Machi

Nimekuja saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wote.

Ninazo picha za zamani zilizopikwa tayari, zile nilizokuwa namtumia bingwa. Na ninazo faili zake ghafi. Kwa hiyo kazi ni moja: kuifanya programu mpya ipike kama ya zamani. Nikaziweka sambamba, kushoto ya zamani, kulia mpya. Bahati ni kwamba kila picha ina kadi ya rangi pembeni ya kidonda, miraba ishirini na minne. Kadi haiugui wala haiponi.

Nikaanza na mraba wa kijivu. Zikakubaliana mara moja, na mimi nikafurahi kama mjinga. Nikaangalia mraba mwekundu – mbalimbali kabisa. Nikasogeza wekundu mpaka mraba ukafanana. Kidonda kikarudi! Lakini ngozi ya mguu ikawa ya kijanikijani, kama ya mtu aliyekula kitu kibaya. Nikarudisha ngozi, kidonda kikapona tena. Ngozi yetu nyeusi ina wekundu ndani yake, ukigusa huu umegusa na ule.

Saa tatu na robo bado nipo palepale. Kadi inafanana, mtu hafanani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Sista mkuu. Nilimwonyesha Februari mbili, ya kushoto na ya kulia. Aliangalia muda mrefu, na mwanzoni nilidhani ameelewa.

Akasema ya kulia ni nzuri zaidi.

Nikasema ndiyo tatizo lenyewe, Sista. Nikasema wiki mbili tumetuma wagonjwa kumi na tisa wakiwa hivi. Akavua miwani, akasugua macho. Si mtu mbaya. Anafanya kazi ya watu watatu, na wawili kati yao hawapo. Akasema bingwa ni bingwa, hatishwi na rangi. Akasema nikitaka aandike barua kwamba kliniki yake imetuma picha za uongo wiki mbili, basi nimletee ushahidi, si hisia.

"Wewe piga picha, mama," akasema. "Kusoma kidonda waachie wenyewe."

Nikasema sawa. Neno gani hilo. Limetoka lenyewe.

Mwalimu alikuja, siku yake mpya ya pili kwa wiki. Hakuketi chumbani kwangu. Akasema leo ana haraka. Anayechechemea vile ana haraka ya wapi?

Ijumaa, 14 Machi

Nimegundua nusu ya tatizo. Si rangi, ni vivuli! Programu mpya inafungua vivuli, inaangaza kila kona yenye giza ili picha ipendeze. Na kwa mtu mweusi uvimbe hauonekani mwekundu, unaonekana giza – zambarau inayozunguka kidonda. Giza hilo ndilo bingwa huliangalia. Hilo ndilo linalofutwa.

Nimerudisha giza kwanza, halafu ndipo wekundu, kidogokidogo. Ngozi haikuwa kijani tena. Februari imeanza kufanana na Februari.

Nilitaka kumwambia mtu. Nikageuka, nyuma yangu kuna kabati la bandeji.

Jumapili, 16 Machi

Kasuku alipiga. Nilikuwa nimekaa karibu na simu tangu saa nne, nimeshika kitambaa cha vumbi ili nijione nina kazi. Aliongea dakika nne. Mwalimu wao wa kuogelea ni mkali. Amepata rafiki ambaye naye anaitwa Kasuku kwao, fikiria Shangazi. Nikacheka. Nikaanza kumsimulia habari ya mguu uliopona kwenye kompyuta, akaniuliza kwa hiyo umepona au haujapona, na kabla sijajibu mtu akamwita.

Wifi akachukua simu. Maneno mazuri tu. Akasema kile kitanda cha ghorofa nisihangaike nacho, wameshanunua vitanda vipya, nikipata mtu nimpe. Akasema chumba cha wageni kipo, niende wakati wowote.

Chumba cha wageni.

Nikamshukuru. Nimefuta vumbi kwenye ngazi ya kitanda, kila kipago.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu siku ya kwanza.

Mwalimu alipofunguliwa bandeji nilimwomba muuguzi wa zamu atupe dakika tano. Nikamketisha Mwalimu karibu na dirisha, nikachukua skrini ndogo ya kubebeka, nikaiweka sambamba na mguu wenyewe. Picha ya programu mpya: uongo, hilo nilijua. Nikaweka ile niliyoipika kwa mtindo wa zamani.

Uongo pia.

Nilipepesa macho. Nikasogeza kiti. Programu ya zamani ilikuwa ikiongeza wekundu, na giza lake lilikuwa zito kuliko la mguu. Miaka sita nimetuma vidonda vilivyopakwa rangi kidogo, na hakuna aliyejua, hata mimi. Kilichokuwa kweli ni kitu kilicho katikati, na hata hicho kilibadilika wingu lilipopita.

"Umeona nini?" Mwalimu akauliza.

Nikamweleza. Yote. Kompyuta iliyokufa, Februari iliyopona, dawa zilizosimamishwa. Nilitegemea atakasirika. Alifikiri kwanza, kidole mdomoni, kama mtu aliye mbele ya ubao.

"Kwa hiyo rula ya zamani ilikuwa na kosa," akasema, "lakini bingwa ameizoea. Kosa lake analijua bila kujua. Wewe umembadilishia rula katikati ya mtihani."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi mrudishie ileile mbovu. Na umwambie."

Hivyo tu. Siku sita nimezunguka, yeye ameliweka kwenye sentensi tatu. Nikamuuliza maumivu. Akasema yapo. Nikamuuliza kwa nini hakulalamika sana siku ile. Akasema alisomewa habari njema mbele ya watu, akaona aibu kuiharibu.

Mguu ulikuwa wa moto. Niliugusa kwa nyuma ya kiganja. Nilimwambia muuguzi wa zamu, akauandika kwenye fomu, akafunga bandeji.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwandikia bingwa mwenyewe. Sikupitia kwa Sista mkuu. Anwani yake ilikuwepo mbele yangu miaka yote sita na sikuwahi kuandika chochote zaidi ya "picha zimeambatishwa".

Nimemtumia faili moja, mguu wa Februari, imepikwa mara tatu: kwa programu ya zamani, kwa mpya, na kwa mpya iliyorekebishwa. Chini ya kila moja nimeandika ni ipi. Nikaeleza tarehe ya mabadiliko. Nikaandika kwamba kosa ni langu, niliona zinapendeza na sikuuliza kwa nini. Nikafuta "kosa ni langu". Nikairudisha. Nikaongeza kwamba mguu wa Mwalimu ni wa moto na unapwita, na kwamba mimi si muuguzi.

Kisha nikaenda kwa Sista mkuu kumwambia nilichofanya. Hakupandisha sauti. Akasema: umeniruka. Nikasema ndiyo. Akasema haya, nenda. Alikuwa na simu mbili zinaita kwa pamoja.

Jumatano, 19 Machi

Bingwa kimya. Sista mkuu kimya. Nimepiga vidonda vinane na kila kimoja nimekipika kwa rula mbovu ya zamani.

Chakula cha mchana nimekula nikiwa nimesimama.

Alhamisi, 20 Machi

Siku ya Mwalimu. Saa tatu hakuja. Saa tano hakuja. Mtu huyu huwa anafika kabla ya mlinzi. Nilipiga namba iliyo kwenye faili lake, ikaita mpaka ikakata. Mara nne. Mahali pa ndugu wa karibu ameandika namba ya nje ya nchi. Niliipiga. Haipatikani.

Wauguzi wakasema pengine amejisikia vizuri, wengi huacha kuja wakipata nafuu.

Saa saba nilichukua anwani yake nikatoka. Sikuomba ruhusa. Nilimwambia mlinzi nikiulizwa aseme nimekwenda kupiga picha.

Nyumba ya ghorofa, ya tatu, ngazi nyembamba. Mama wa mlango wa pili akasema jana hakumsikia akikohoa, na kwa kawaida humsikia. Ana ufunguo wa akiba. Aliniuliza mimi ni nani, nikasema natoka kliniki, akafungua.

Alikuwa kwenye kiti, si kitandani. Mguu juu ya stuli. Anatetemeka, macho yanang'aa. Chumba safi kabisa, vitabu vimepangwa kwa urefu. Alinitambua.

"Umekuja kuupiga nyumbani?" akasema.

Nilifungua bandeji. Hapakuhitajika programu yoyote. Giza lilikuwa limepanda mpaka karibu na goti.

Mama jirani akaita teksi. Mimi na dereva tulimshusha ghorofa tatu, mimi upande wa mguu mbaya. Njiani hakutania hata mara moja. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Ijumaa, 21 Machi

Hospitali kubwa, korido ya wodi ya upasuaji. Nimekuwa hapa tangu jana mchana, nilikwenda nyumbani kuoga tu. Naandika nyuma ya fomu za kliniki, daftari nimeliacha.

Yaliyotokea. Saa mbili asubuhi bingwa amenipigia simu. Sauti ya mwanamke! Miaka sita nimekuwa nikiandika "Mheshimiwa Bwana Daktari". Anaongea taratibu, kama mtu aliyelala kidogo. Akasema aliona barua yangu jana jioni, akazitazama zile picha tatu. Akasema ile ya kati angeitolea jibu la maendeleo mazuri hata leo.

Akasema nimtumie upya wote kumi na tisa, rangi ya zamani, leo kabla ya jioni. Tayari ana wasiwasi na wawili wengine. Akauliza nani amenifundisha kurudisha giza kabla ya wekundu. Nikasema hakuna, nilikuwa peke yangu. Akasema anajua hali hiyo ilivyo, kukaa na skrini. Halafu akamuulizia Mwalimu, nikamwambia niko wapi. Akaomba jina la daktari wa zamu ili aongee naye mwenyewe.

Sista mkuu naye alipiga. Nilitegemea maneno. Akauliza Mwalimu yukoje. Akasema faili za wale kumi na tisa ameshazitoa kabatini, ziko mezani kwangu, na wawili waliotajwa ameshawaita warudi. Akasema Jumatatu tutaongea, mimi na yeye, kuhusu kurukwa. Sauti yake ilikuwa imechoka tu. Nikasema nitakuja mchana kuzipika. Akasema njoo na chakula, humu hakuna kitu.

Saa nne. Daktari wa upasuaji ametoka, kijana mrefu, ana barakoa shingoni. Akasema sumu imeingia kwenye damu. Dawa wamempa kali, homa imeshuka kidogo, lakini mguu – wataamua asubuhi hii hii, wanasubiri kipimo kimoja. Inawezekana kuuokoa. Inawezekana kukata chini ya goti. Akauliza kama mtoto wake amepatikana. Nikasema namba haipatikani, nimetuma ujumbe, nimeomba jirani atafute namba nyingine nyumbani.

Akauliza mimi ni nani kwake.

Nikasema mimi ndiye ninayempiga picha.

Muuguzi aliyeshika fomu alinitazama, nguo zangu za jana, viatu. Hakuuliza zaidi. Akaandika "binti", akaongeza namba yangu ya simu mbele yake, akaniambia niweke sahihi kwamba nimeelezwa. Niliweka. Sikumsahihisha.

Nimemwona dakika mbili kupitia kioo. Wameufunika mguu kwa shuka, hauonekani. Ni mara ya kwanza naangalia uso wake tu. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Miezi mitano, kila wiki, na sikuwahi kuliona.

Simu imeita, nilidhani ni mtoto wake. Kasuku. Siku ya shule, saa ya mapumziko, ameazima simu ya mtu. Anasema tangu Jumapili anataka kuniuliza lile swali na sikumjibu: ule mguu umepona au haujapona? Nikamwambia subiri kidogo, usikate, mlango unafunguka.

Yule daktari mrefu. Anaita ndugu wa Mwalimu.

Nipo, nimesema. Nimesimama, simu mkononi, Kasuku bado yuko hewani.